Nyumba Niliyomjengea Sista Aleyamma

Sijui Kihindi, na sikuwahi kukijua hata siku moja. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, walionisikiliza miaka minane, kila Jumamosi na Jumapili, ndani ya kibanda cha video cha mzee Ludovic, waliamini nimelelewa Bombay. Nilikaa kwenye kigoda kando ya televisheni, kipaza sauti mkononi, na kila alichosema Mhindi kwenye mkanda nilikisema kwa Kiswahili kabla hajafunga mdomo. Maneno nilikuwa nayatoa wapi? Kwenye nyuso. Mtu akikunja uso, anadai. Akitazama chini, ana siri. Stelingi, yule shujaa wa sinema, akimshika mama yake mkono, machozi yanamlenga, basi hapo ni "Mama, naapa kwa maziwa uliyoninyonyesha." Bujumbura nzima hakukuwa na mtafsiri wa filamu wa kunifikia, na wakibisha waulizwe waliobaki hai.

Siku moja mama wa stelingi alikufa katikati ya mkanda. Benchi la mbele alikaa Béata, muuza vitumbua, aliyekuwa amemzika mama yake wiki ileile. Akaangua kilio, na hakikuwa kilio cha sinema. Nikashika kipaza sauti: "Jamani, hajafa. Amezimia tu." Basi kazi ikanianzia mimi. Wafiwa walipovaa nguo nyeupe, nikasema wanakwenda kumtazama hospitali, na hospitali za India hazipokei mtu mwenye nguo za rangi. Walipowasha moto mkubwa wa kuchomea maiti, nikasema wanachemsha dawa, tena ya wodi nzima. Béata alitoka pale amefuta machozi. Nilijivunia jambo hilo hadi nikazeeka, nikawa nalisimulia kila ninapokaa. Nilimsimulia hata Sista Aleyamma, na hapo ndipo nilipojikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe.

Vita vilinitoa Buyenzi. Kambi ya Kigoma ikanila miaka minane, na mke wangu Dancille ikambakiza kwenye udongo wake. Mwaka 2004 nikaletwa Stockholm na binti yangu Elise. Elise alikua haraka, akahamia Göteborg, na nikimpigia simu kwa Kiswahili ananijibu Kiswidi: "Pappa, jag jobbar. Vi hörs sen." Baba niko kazini, tutaongea baadaye. Hiyo baadaye nimeingoja sana.

Nitasema wazi: nilikuwa mpweke. Watu wa kanisani wapo, Warundi na Wanyarwanda, tunasalimiana Jumapili, tunakula pamoja mtu akibatiza mtoto, kisha kila mmoja anafunga mlango wake. Kazi yangu ni kusafisha ngazi za maghorofa. Natoka Fittja ninakoishi kwa treni ya mstari mwekundu, nabadilisha stesheni ya T-Centralen, napanda mstari wa kijani hadi mwisho wake, Hässelby. Zaidi ya saa nzima, na hakuna anayekwambia hata "sogea." Kwa mtu aliyepata mkate wake kwa mdomo, nchi hii ni adhabu. Kwa hiyo nikaanza kusema peke yangu ngazini. Nilizisema ndoo, nilizisema buti za wenyewe, nilimsema aliyevumbua theluji.

Jumanne moja ya Februari 2009, ghorofa ya tano, nilikuwa nagombana na ubani wa kutafuna ulioganda kwenye ngazi. "Toka, mwanaharamu! Hata wewe unanidharau?" Mlango ukafunguliwa nyuma yangu.

"Nani analia?" sauti ikauliza, kwa Kiswahili.

Nikageuka. Alikuwa bibi mfupi mweusi wa Kihindi, nywele nyeupe kisogoni, sweta juu ya gauni. Alitazama sikio langu badala ya macho yangu.

"Hakuna anayelia, Mama. Nafanya kazi."

"Sauti yako ina makohozi. Fungua mdomo. Sema aa."

Nawaapia, nilifungua mdomo nikasema aa.

Ndivyo nilivyomjua Aleyamma. Alikuwa muuguzi. Alitoka Kerala, kusini kabisa mwa India, nchi ya wanaosema Kimalayalam, akiwa binti wa miaka ishirini na mbili, akafanya kazi miaka tisa kwenye hospitali ya misheni upande wa Kigoma kabla ya kuja Sweden. Kiswahili chake chote alikipata wodini, na kilikuwa Kiswahili cha kuamrisha: lala chali, kohoa, pumua, umepata choo? Kigoma muuguzi huitwa sista, nami nikamwita Sista tangu siku hiyo. Sasa alikuwa na miaka sabini na moja, hakuwahi kuolewa, na macho yake yalikuwa yamekufa katikati. Pembeni aliona ukungu na mwanga. Ukimkalia mbele, hupo.

"Wewe Buyenzi ulikuwa unafanya kazi gani?" aliniuliza Jumanne ya pili, chai ya iliki mezani.

Nikamwambia. Nikamwambia na habari ya Béata, na moto wa kuchemsha dawa, na alicheka hadi akashika mbavu. Halafu akanyoosha kidole kwenye kabati. Ndani ya kabati kulikuwa na sahani za DVD, sanduku zima, alizotumiwa na mpwa wake aliyeko Kuwait. Sinema za kwao, za Kimalayalam, hazina hata mstari wa tafsiri chini.

"Miaka miwili nazisikiliza kama redio," akasema. "Mimi nasikia, wewe unaona. Sema."

Ile kazi niliyoifanya kinyume ujana wangu wote, nikaanza kuifanya sawasawa uzeeni. Yeye alisikia maneno, mimi niliona picha. Nikaweka sahani kwenye deki, nikakohoa, nikaanza kwa mtindo wangu wa zamani: "Anaingia jamaa, kifua mbele, kama simba aliyekosa chakula siku tatu..."

Akapiga meza kwa kiganja. "Usitie chumvi! Miguu yake imevimba?"

"Ipi, Sista?"

"Miguu ya huyo mtu. Anapumua kwa shida, nasikia. Tazama vifundo vya miguu."

Nikatazama. Kweli, imevimba. "Moyo," akasema Sista. "Hafiki mwisho wa sinema." Na hakufika.

Mimi nilitegemea ngoma na mapanga. Wapi! Sinema hizo mtu anakaa barazani, amefunga msuli, anasoma gazeti robo saa nzima. Mke anachemsha muhogo. Mvua inanyesha. Ndugu wawili wanagombania mpaka wa shamba mpaka mmoja anahama kanisa. Nilimuuliza Sista: sasa hii ni sinema au ni majirani zangu?

"Ni majirani," akasema. "Kwetu watu husoma gazeti kabla ya kupiga mswaki. Ukiwatengenezea sinema ya uongo, hata muuza samaki atakukosoa kwa majina ya vijiji."

Akanifundisha kuwasoma watu wake. Yule mwenye masanduku makubwa na manukato ni mtu wa Ghuba, kibarua wa Uarabuni, amerudi likizo, na kila anayemkumbatia anapima uzito wa sanduku kwa jicho. Yule anayebeba bendera nyekundu kwenye mkutano wa chama cha makomunisti asubuhi ndiye anayebeba mwamvuli wa padre kwenye msafara jioni, na wala haoni tatizo. Nilicheka, kwa sababu nawajua watu hao. Nimewaona Buyenzi, nimewaona sokoni Skärholmen Jumamosi wakinunua masanduku ya kwendea nyumbani. Migomba ilikuwa ileile. Ukutani picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, na taa nyekundu chini yake, kama kwa mama yangu.

Lakini kuna kitu nilichelewa kukiona, akanionyesha yeye, kipofu. Kila sinema kulikuwa na dada mmoja muuguzi, yuko ng'ambo. Ndiye aliyewasomesha kaka zake, ndiye aliyeweka vigae vipya kwenye paa. Na haonekani kamwe. Ni picha iliyotundikwa ukutani, ni sauti siku ya Jumapili.

"Mimi ndiye huyo," akasema Sista. "Kwenye sinema zetu mimi ni simu inayolia."

Nikamwongezea chai.

Miaka miwili tukaishi hivyo, Jumanne kwa Jumanne. Nikimaliza ngazi saa nane mchana, navua viatu mlangoni kwake. Katikati ya sinema alikuwa akinisimulia nyumba ya mama yake, kijijini karibu na Kottayam. Sakafu nyekundu iliyosuguliwa hadi unajiona uso. Kisima nyuma, na kamba inayolia kwenye gurudumu. Mfenesi unaozaa chini kabisa shinani, mafenesi yamekaa ardhini kama watoto. Mama alipofariki mwaka 1998, Sista alifika siku mbili baada ya mazishi. Akafunga mlango, akampa jirani ufunguo, hakurudi tena. Jirani naye akafa, ufunguo ukaenda kwa yule mpwa wa Kuwait. Kila akimpigia kuuliza habari za nyumba, mpwa anajibu: nzima, Shangazi, usijali. Mtu aliyeko Kuwait anaijuaje nyumba iliyoko Kottayam? Lakini mimi nilikuwa nani hata niulize.

Novemba 2010 mpwa akatuma sahani moja peke yake kwenye bahasha. Watengenezaji wa sinema walikuwa wametafuta nyumba ya kijijini ya kupigia picha, naye akawapa ile. "Shangazi, nyumba yetu imo kwenye sinema!" Sista alivaa sari siku hiyo. Ya hariri, rangi ya maziwa, kwa ajili ya televisheni asiyoiona.

Sinema ilimhusu mama mjane, watoto watano, wote wako nje. Wanapiga simu Jumapili. Mama anazeeka barazani, anakufa, na watoto wanabishana kwa simu nani ataweza kuja. Mpaka hapo nilisema nilichokiona, neno kwa neno, kwa sababu baraza lilikuwa limepakwa rangi na chumba cha mbele kilikuwa safi. Sista alikuwa akitaja vitu kabla yangu. "Hapo kushoto kuna nguzo imekwaruzwa. Ni mimi, kwa kisu, nina miaka minane." Na kweli nguzo ilikuwa imekwaruzwa.

Kisha ukaja mwisho. Miaka imepita, nyumba iko peke yake, na kamera inaingia ndani polepole kutokea nyuma. Hakuna mtu, hakuna neno, hakuna muziki. Ndege tu, na nzi. Dakika saba au nane za kimya, na huo ndio ufundi wao, kwani wanaamini mtazamaji ana akili.

Nilichokiona ni hiki. Paa la nyuma lote lilikuwa chini. Katikati ya chumba, kwenye ile sakafu nyekundu, palikuwa pameota mti, shina lake nene kama paja langu, mizizi imepasua sakafu na kupanda ukutani. Ukuta ulikuwa mweusi wa ukungu. Mahali pa Moyo Mtakatifu palibaki mraba mweupe na msumari. Kisima kilimezwa na majani, na mbuzi alikuwa amesimama jikoni. Mti wa unene ule hauoti kwa amri ya mwongozaji. Nyumba ilikuwa gofu, na hao watu waliichagua kwa sababu ni gofu. Mbele ndiko walikopaka rangi.

Sista alikuwa amenishika mkono juu ya kiwiko. Uso wake ulikuwa umeinuliwa, kama mtu anayengoja komunyo. "Tumeingia ndani?" akanong'ona. "Sema, Obedi. Kwa nini umenyamaza?"

Nikamwona Béata kwenye benchi la mbele.

"Tumeingia ndani," nikasema. "Sakafu. Nyekundu, inang'aa, unaweza kujitazama uso. Mtu ameipiga nta." Vidole vyake vikanibana. Nikaendelea, kwa sauti yangu nzuri, ile ya zamani, na chumvi safari hii hakuikataza. "Ukutani Moyo Mtakatifu, taa nyekundu inawaka. Tunatoka nyuma. Kisima kile, kamba mpya. Mfenesi umezaa, moja, mawili, matatu, manne, yamekaa chini shinani. Tunarudi ndani. Dirishani, kwenye jua, kuna paka mweupe. Amelala."

Vyote nilivitoa kwenye hadithi zake mwenyewe. Paka tu ndiye niliyemzaa mimi, kwa mazoea ya kibandani, maana nyumba isiyo na kiumbe haipendezi. Sista alilia bila sauti, akanipapasa mkono kama mgonjwa aliyepona. Nilirudi Fittja nimejaa. Nilijiona mtu mwema, na tena fundi ambaye bado hajachakaa.

Jumanne moja ya Machi, theluji chafu bado iko njiani, nilimkuta amekaa sebuleni katikati ya maboksi.

"Nimeandika barua," akasema. "Nyumba hii naiacha tarehe moja Mei."

"Unahamia wapi, Sista?"

"Nyumbani. Mpwa amenipatia msichana wa kunihudumia. Niliogopa nyumba imeharibika, ndiyo maana sikuwahi kwenda. Lakini umeiona mwenyewe. Kwa nini nife hapa, ghorofa ya tano, wakati sakafu ya mama yangu imepigwa nta?"

Na sasa nitasema jambo linaloniaibisha. Fikra yangu ya kwanza haikuwa paa lisilokuwepo juu ya kichwa cha bibi kipofu. Fikra yangu ya kwanza ilikuwa: na Jumanne je? Kwa ajili ya aibu hiyo nikanyamaza Jumanne mbili nzima, nikifunga maboksi yake kwa gundi ya karatasi, nikijiambia mpwa atamzuia. Mpwa hakumzuia. Alimnunulia tiketi.

Jumanne ya tatu nikaweka kikombe chini.

"Sista, ile nyumba imekufa."

"Imekufaje?"

Nikamwambia yote. Paa, mti, mraba mweupe, mbuzi jikoni. Sikutia chumvi hata punje. Alinisikiliza ametulia, mikono mapajani, kama daktari anayemsikiliza mgonjwa mbishi.

"Béata wa vitumbua," akasema mwishowe. "Ulimwambia mama hajafa."

"Ndiyo, Sista."

"Na mimi uliniambia nyumba haijafa."

"Ndiyo."

"Basi nitajuaje? Wa uongo ni Obedi wa Novemba, au Obedi wa leo?"

"Wa leo anasema kweli. Mwite mtu yeyote aje atazame. Mwite jirani Mswidi, mwite padre. Sahani si hiyo hapo?"

"Sitaki macho ya mtu mwingine kwenye nyumba ya mama yangu." Akapapasa meza, akaipata sahani, akaiweka kifuani ndani ya sweta. "Sikia, Obedi. Nimekaa wodini miaka arobaini. Mgonjwa akisema uongo, mimi huuliza, ana haja gani? Novemba hukuwa na haja yoyote. Leo unayo. Unaogopa Jumanne."

Niliogopa Jumanne, ni kweli. Nyumba ilikuwa gofu, nayo ni kweli. Kweli mbili zilikaa mdomoni mwangu kwa pamoja, moja ikaitia nyingine doa. Hata mimi ningekuwa hakimu ningempa yeye ushindi. Mwongo hapigwi siku ya uongo wake; hungojwa siku anayosema kweli.

"Kunywa chai," akasema Sista. "Itapoa."

Aliondoka mwanzoni mwa Mei 2011. Nilimshushia masanduku mwenyewe. Sabuni, kahawa, jibini, dawa za meno za kugawa kijiji kizima. Naye amekuwa mtu wa Ghuba wa kwenye sinema zake. Teksi ilikuwa inangoja. Akanishika uso kwa mikono yote miwili, akaupapasa paji, mashavu, mpaka kidevuni, maana miaka miwili hakuwahi kuuona.

"Umekonda," akasema. "Kula. Lala mapema. Pumua."

Nikapumua. Teksi ikaondoka kuelekea uwanja wa ndege, nami nikapanda kumalizia ghorofa ya tatu.

Mlango wake wa ghorofa ya tano sasa una jina jingine, na mbele yake kigari cha mtoto. Nilijaribu kusema peke yangu ngazini kama zamani, ikashindikana. Ukishazoea kusikilizwa, kujisemea hakushibishi tena. Jumanne saa nane nilikuwa navaa koti, napanda treni, na naona kila kitu dirishani: ziwa Mälaren limeyeyuka barafu, mvulana na mbwa, mama anakula aiskrimu na kulia. Naona, nimwambie nani? Kabla ya safari mpwa alikuwa amenipa, kwa simu ya Sista, namba ya Kottayam. Nikapiga mara tatu, haikupokelewa.

Ikafika mkesha wa Midsommar, sikukuu ya katikati ya kiangazi. Siku hiyo Waswidi wote huondoka mjini kwenda kucheza kuzunguka mti wa maua, na maduka yanafungwa mchana, na hata sisi wa Fittja, tusio na nyumba za mashambani, tunatembea polepole kama tuko msibani kwa mtu tusiyemjua. Nilimpigia Elise. "Vi är ute på en båt, pappa." Wako kwenye mashua. Nikapika muhogo wa barafu, wa paketi, nikauacha kwenye sufuria.

Saa sita na nusu mchana simu ikalia. Namba ndefu, inaanza na tisini na moja, ya India.

"Obedi! Umepata choo?"

Nilicheka, na kicheko kikataka kugeuka, nikakizuia. "Nimepata, Sista. Umefika salama? Uko wapi?"

"Niko wapi? Niko nyumbani, sebuleni kwa mama."

"Nyumba ikoje?"

Akanyamaza kidogo. Na katika kile kimya nikasikia: *ting*. Kisha: *tong*. Kisha, mbali zaidi, *ting-ting*, haraka. Mimi ni mtu wa vibanda vya mabati. Nimekaa misimu ya mvua chini ya paa bovu, na hakuna asiyeijua sauti ya tone linapoangukia ndani ya beseni. Kottayam mvua kubwa huanza Juni. Sista alinisimulia mwenyewe.

"Nikwambie," akasema. "Mimi naona, wewe unasikia. Sakafu. Nyekundu, inang'aa, unaweza kujitazama uso. Mtu ameipiga nta."

*Tong.*

"Sista, hiyo sauti ni ya nini?"

"Msichana anaosha vyombo."

*Ting-ting-ting*, upande mwingine wa chumba. Kitu kizito, ndoo bila shaka, kikaburutwa sakafuni. Sauti ya binti ikasema jambo kwa Kimalayalam, kwa haraka, na Sista akamjibu kwa ukali, akamnyamazisha.

"Na ile nyingine?"

"Vyombo ni vingi," akasema Sista. "Tulikuwa na wageni. Usinikatize. Ukutani, Moyo Mtakatifu, taa nyekundu inawaka. Nyuma, kisima, kamba mpya. Mfenesi umezaa. Moja, mawili, matatu, manne."

Yalikuwa maneno yangu, kwa mpangilio wangu, hata pale nilipovuta pumzi Novemba, naye alivuta. Nilitaka kumwambia arudi. Arudi wapi, na mlangoni pake kuna kigari cha mtoto? Nilitaka kumwomba msamaha, lakini kumwomba msamaha ni kumwambia kwamba nasikia mvua inavyomnyeshea ndani, na yeye alikuwa anafanya kazi kubwa nisiisikie. Machozi yalinitoka tu, mbele ya sufuria ya muhogo, na sikuwa na kipaza sauti cha kuyafunika.

"Na dirishani," akasema Sista, taratibu, "kwenye jua, kuna paka mweupe."

Akasita. Pumzi yake ilikuwa nzito, ya mtu aliyechoka, na mvua nyuma yake ikazidi hadi mabeseni hayakuhesabika tena.

"Obedi? Upo? Nimefika wapi?"

Nikavuta kiti, nikakaa, nikaiweka simu vizuri sikioni.

"Umefika kwenye paka, Sista," nikamwambia. "Endelea. Mimi nasikiliza."